Sauti Yake, Daftari la Serikali: Maisha ya Muslim Magomayev

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa muziki na wanafunzi wa uimbaji. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakufika. Nyimbo zilizopigwa ukumbini zimeachwa. Maneno yamebaki kama yalivyosemwa.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, vijana, ndugu zangu nyote, karibuni.

Tuanze na swali la pesa. Mwimbaji anayependwa nchi nzima anasimama uwanjani mbele ya watu 45,000. Kila tiketi imenunuliwa. Je, alipwe kiasi gani? Msijibu haraka. Kila mmoja hapa anafikiria asilimia ya mlangoni, meneja, mkataba. Katika Umoja wa Kisovieti jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla mwimbaji hajafungua mdomo: rubli 202.

Leo tunamzungumzia Muslim Magomayev, baritoni, yaani mwimbaji wa sauti ya kiume ya kati, kutoka Baku. Kwa miaka kama 20 sauti yake ilikuwa redioni, kwenye televisheni ya mwaka mpya, kwenye sherehe za serikali na kwenye harusi. Wale wa kwetu waliokwenda kusoma Moscow miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilichofunguliwa mwaka 1960, walikuwa huko huko jina hili lilipolipuka. Tutamfuata kupitia mambo machache tu, na jambo la pesa ndilo tutakalokaa nalo sana, kwa sababu humo ndimo inapoonekana namna mashine nzima ilivyofanya kazi.

Lakini kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Baku, Azabajani, tarehe 17 Agosti 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Alirithi jina zima, la kwanza na la ukoo, kwa babu yake mzaa baba, Muslim Magomayev, mtunzi wa opera na mmoja wa waasisi wa muziki wa kitaaluma wa Azabajani. Babu alifariki mwaka 1937, na ukumbi wa filamonia wa Baku, yaani ukumbi wa matamasha ya muziki, ukapewa jina lake. Hebu fikirieni: mtoto anapita barabarani na jina lake limeandikwa kwenye jengo. Hiyo ni baraka au ni mzigo? Baba yake, Magomet, mchoraji wa mapambo ya jukwaa, aliuawa Ujerumani mwaka 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Mama yake, Aishet, alikuwa mwigizaji, na kazi ilimpeleka katika miji ya Urusi. Mtoto akalelewa na ami yake, Jamal-eddin, mtu mwenye cheo serikalini, ndani ya nyumba yenye piano na santuri.

Santuri hizo zilikuwa mwalimu wake wa kwanza. Waimbaji wa opera wa Italia: Caruso, Gigli, Titta Ruffo, Battistini. Vijana mnaojifunza uimbaji, angalieni orodha hiyo: wawili wa mwanzo ni tenori, sauti ya juu ya kiume, wawili wa mwisho ni baritoni. Ukisikiliza sauti za aina yako peke yake unaiga rangi. Ukisikiliza pia zisizo za aina yako, unalazimika kutafuta namna ya kupumua na namna ya kuunganisha sentensi, kwa kuwa rangi yenyewe huwezi kuiiga hata ukitaka.

Kisha ukafika umri wa kuvunja sauti, na watu wa nyumbani hawakutaka aimbe hadharani. Waliogopa nini? Waliogopa jambo la kweli. Katika kipindi hicho zoloto la mvulana, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua na kushuka, na nyuzi za sauti zinarefuka kwa muda mfupi. Noti aliyoifikia jana leo haiko. Kijana akilazimisha, anakaza shingo, nyuzi zinavimba, na akizoea kukaza anaweza kubaki na vinundu au na sauti ya kukwaruza. Dawa yake haichekeshi wala haivutii: imba katikati ya sauti yako, imba kidogo, usishindane na mtu. Yeye akiwa na miaka 15 alikwenda kwa siri kwenye ukumbi wa utamaduni wa mabaharia wa Baku, akaimba. Aliamini sauti yake imeshatulia. Ilitokea kwamba alikuwa sahihi. Lakini walimu wa uimbaji mliopo hapa mnajua ni wangapi waliamini vivyo hivyo na hatuwajui hata majina.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1961 aliingia katika kundi la nyimbo na ngoma la jeshi, mkoa wa kijeshi wa Baku. Mwaka 1962 alikwenda Helsinki kwenye Tamasha la Dunia la Vijana na Wanafunzi. Machi 1963 aliimba katika Jumba la Kongamano la Kremlin, ukumbi wa viti 6,000, kwenye siku za sanaa ya Azabajani. Tarehe 10 Novemba mwaka huo huo alifanya tamasha lake peke yake katika Ukumbi wa Tchaikovsky, Moscow. Alikuwa na miaka 21.

Sasa twende kwenye pesa.

Ndugu zangu, mwimbaji wa Kisovieti alikuwa mwajiriwa. Shikeni neno hilo: mwajiriwa. Hakuwa na meneja, hakuwa na kampuni, hakuuza tiketi. Kila mkoa na kila jamhuri ilikuwa na shirika lake la tamasha, filamonia, na msanii aliandikishwa humo kama fundi anavyoandikishwa kiwandani, na kitabu chake cha kazi kikawekwa ofisini. Safari za nje ya nchi zilishikwa na shirika moja tu, Goskontsert. Nani apangiwe kiwango gani? Kamisheni ya viwango. Ulisimama mbele ya watu wa kamisheni, ukaimba, wakaangalia elimu yako, mashindano uliyoshinda na vyeo vyako vya heshima, wakakuandikia kiasi fulani cha rubli kwa kila onyesho. Ukumbi uwe na watu 200 au 2,000, kiwango ni kile kile. Ukitaka kuongezewa, urudi mbele ya kamisheni, au upewe cheo. Umaarufu haukuwa na safu yake kwenye daftari.

Na santuri? Vijana mtasema, haya, basi angalau mauzo ya santuri. Kampuni ilikuwa moja, Melodiya, iliyoundwa mwaka 1964, mali ya serikali. Mwimbaji alilipwa mara moja kwa kurekodi, basi. Iuzwe nakala elfu moja au milioni, hakuna cha ziada. Mrabaha ulikuwepo, lakini ulikwenda kwa mtunzi wa muziki na mtunzi wa maneno, uliokusanywa kutoka kwenye kumbi, redio, hata bendi za mikahawani. Ndiyo maana mtunzi wa wimbo uliopendwa aliweza kuwa tajiri kwa viwango vya nchi ile, na aliyeuimba akaendelea kuhesabu maonyesho ya mwezi. Hapa kwetu mara nyingi ni kinyume, mwimbaji ndiye anayeonekana na mtunzi anasahaulika. Sijui kipi kibaya zaidi.

Sasa mkiwa na hayo kichwani, sikilizeni kisa cha Rostov, jinsi Magomayev mwenyewe alivyokuja kukisimulia.

Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya 1960. Kundi la nyimbo na ngoma la Wakosaki wa mto Don lilikuwa na hali mbaya ya fedha. Magomayev akaombwa alisaidie kwa kuimba uwanjani Rostov-on-Don. Mpango ulikuwa aimbe sehemu moja tu ya onyesho. Uwanja ukajaa, watu 45,000, na badala ya sehemu moja akaimba zaidi ya saa mbili. Waandaaji wakamlipa rubli 606. Fanyeni hesabu: 606 ni 202 mara tatu kamili. Mtu alikaa mezani akaona, huyu kafanya kazi ya maonyesho matatu, tumlipe matatu. Akamwambia mwimbaji kwamba wizara imeridhia. Mwimbaji akatia saini kwenye orodha ya malipo, mbele ya macho ya wote.

Rubli 606 ni nini? Wakati huo mshahara wa wastani nchini ulikuwa kama rubli 100 kwa mwezi. Kwa hiyo usiku mmoja, nusu mwaka wa mfanyakazi. Na mapato ya uwanja mzima? Hayo hayakumhusu. Hilo ndilo la kushangaza: pesa zilizoingia zilikuwa nyingi mno, na hakuna aliyedai zimeibwa. Kosa lilikuwa kwamba kiasi kilichotoka hakikulingana na karatasi. Kesi ya jinai ikafunguliwa.

Yeye hakuwepo. Alikuwa Paris, akiimba katika ukumbi wa Olympia. Bruno Coquatrix, mwenye Olympia, alikuwa amemwona, akampenda, akataka kumpa mkataba wa mwaka mzima na kumfanya nyota wa kimataifa. Maombi yakaenda kwa Waziri wa Utamaduni, Ekaterina Furtseva. Akakataa. Sababu? Magomayev anahitajika kwenye matamasha ya serikali. Mnaona? Kwa upande mmoja ni mhalifu wa rubli 404 za ziada. Kwa upande mwingine sherehe haziwezi kufanyika bila yeye. Ofisi ni ile ile.

Habari za kesi zikamfikia huko huko Paris. Walikuwepo wahamiaji wa Kirusi waliomshawishi abaki. Alirudi. Alisema asingeweza kuwaacha ndugu zake nyumbani wabebe lawama. Uchunguzi ukaonyesha kwamba yeye hakuvunja sheria, alipokea kwa orodha halali na kusaini. Hata hivyo wizara ikampiga marufuku kuimba popote nje ya Azabajani.

Alifanya nini na marufuku hiyo? Alikaa Baku akamaliza mitihani ya Konsevatori, chuo cha muziki, ambayo umaarufu ulikuwa umemzuia kuimaliza. Alihitimu mwaka 1968 katika darasa la Shovket Mammadova, mwanamke wa kwanza wa Azabajani kuwa mwimbaji wa opera.

Na marufuku iliondokaje? Kwa barua ya maombi? Kwa hukumu ya mahakama? Hapana. Kwa simu. Yuri Andropov, aliyekuwa amekabidhiwa KGB, shirika la usalama na ujasusi, mwaka 1967, alikuwa akiandaa sherehe ya kuadhimisha kuundwa kwa shirika hilo, akataka Magomayev aimbe. Furtseva akamjibu kwamba mtu huyo amezuiwa. Andropov akamwambia kwamba kwao hana doa, apatikane. Akapatikana. Akaimba. Milango yote ikafunguka tena, na mwaka 1969 akashinda tuzo ya kwanza kwenye tamasha la Sopot, Poland.

Nawauliza wasanii: nani kati yenu angependa kusafishwa jina na mlinzi badala ya hakimu? Maana anayeweza kukusafisha kwa simu anaweza pia kukuchafua kwa simu.

Wimbo nao ulikuwa na safari yake ya ofisi, na hapa nitapita haraka. Maneno yalikwenda kwa wakaguzi wa serikali. Muziki ulikwenda mbele ya baraza la sanaa la redio au la Melodiya: watunzi wakubwa, wahariri, mara nyingine mtu wa chama. Wimbo ungeweza kurudishwa kwa sababu una huzuni mno, una furaha mno, una mdundo wa kigeni. Ukipita, unarekodiwa na okestra. Ukisharekodiwa, bado unaweza kuvutwa. Rafiki na mtunzi wake mkubwa, Arno Babajanian, Mwarmenia, mpiga piano hodari, alitunga wimbo wa kuisifu Moscow, maneno mazuri, mzalendo yeyote angeyapigia makofi. Tatizo ni kwamba mdundo wake ulikuwa twisti. Inasimuliwa kwamba Khrushchev, kiongozi wa nchi, aliusikia redioni akang'aka: twisti kuhusu Moscow? Ukaondolewa hewani. Oktoba 1964 Khrushchev akaondolewa yeye, na wimbo ukarudi. Mwarmenia anatunga, Mwazabajani anaimba, jiji linalosifiwa ni la Warusi, na densi imetoka Marekani. Katika nchi ile nzima ni mtu mmoja tu aliyekasirika, lakini ndiye aliyekuwa na mamlaka.

Sasa kwa wanafunzi wa sauti. Nawaomba mkae vizuri, maana hapa pana kazi.

Mwaka 1964 na 1965 Magomayev alipelekwa La Scala, jumba la opera la Milano, kujinoa. Mwalimu wake wa sauti alikuwa Gennaro Barra, tenori, na aliyempitisha kwenye noti za opera alikuwa Enrico Piazza, mzee aliyewahi kuwa msaidizi wa Toscanini, kiongozi maarufu wa okestra. Alisoma hasa sehemu za wahusika wawili wa opera: Figaro wa Rossini na Scarpia wa Puccini. Kwa nini hizo mbili? Kwa sababu ni kinyume kabisa. Figaro anataka ulimi mwepesi na pumzi fupi fupi. Scarpia anataka mstari mrefu, mzito, juu ya okestra inayonguruma. Baritoni anayeweza zote mbili amefundwa.

Tatizo la kila baritoni liko mahali pamoja, karibu na noti ya Mi iliyo juu ya Do ya kati. Hapo sauti inataka kubadili gia. Ukiisukuma wazi, unapiga kelele. Ukiibana, inapotea. Waitaliano wanakufundisha kuifunika kidogo: vokali ya "a" unaielekeza kwenye "o", zoloto linabaki chini, pumzi inatoka taratibu kutoka mbavuni. Sikilizeni nyimbo zake za mapenzi, mtaisikia "a" ikigeuka kila anapopanda. Hakuna anayegundua kwa sababu ameifanya kabla ya noti, si juu ya noti.

Aliporudi, jukwaa la Bolshoi, jumba kuu la opera la Moscow, lilikuwa wazi kwake. Hakulitaka. Hakutaka kufungwa ndani ya opera peke yake. Wapo waliosema ametupa kipaji, na mimi nasema hapana, ila alijitwisha kazi ngumu zaidi. Sauti ya opera imejengwa kufika kiti cha mwisho bila umeme. Ukiileta nzima kwenye kipaza sauti inasikika kama mtu anayekufokea sikioni. Waimbaji wengi waliohama kutoka opera waliharibikia hapo: hawakupunguza kitu. Yeye anaanza ubeti karibu na kipaza sauti, kwa sauti ya mazungumzo, konsonanti nyepesi. Nguvu anaiweka kwenye kiitikio, na noti ya mwisho tu ndiyo anayoimba kama yuko Milano. Akipanda, anarudisha kichwa au mkono nyuma ili sauti isipasuke kwenye kipaza sauti. Ni jambo la sentimita chache, na ni nusu ya ufundi wa mwimbaji wa jukwaani.

Ushahidi mwingine wa ufundi huo ni katuni. Mwaka 1973 ilitoka sehemu ya pili ya katuni ya wanamuziki wa Bremen, muziki wa Gennady Gladkov. Magomayev aliimba kijana mpenzi, akaimba mpelelezi, na akaimba mwanamke mkuu wa majambazi. Watu watatu, koo moja. Mpeni mtoto wako aisikilize bila picha, atakwambia walikuwa waimbaji watatu.

Mwaka huo huo wa 1973 alipewa cheo cha Msanii wa Umma wa Umoja wa Kisovieti, cha juu kabisa kwa msanii. Alikuwa na miaka 31. Wengi walikipata wakiwa na mvi. Mwaka 1974 alimwoa Tamara Sinyavskaya, mezzosoprano (sauti ya kike ya kati) wa Bolshoi, na kuanzia 1975 hadi 1989 aliongoza okestra ya serikali ya Azabajani ya muziki wa jukwaa, aliyoiunda mwenyewe. Miaka hiyo ilikuwa ya utulivu na kazi nyingi. Sina kisa nayo.

Nina kisa na namna alivyoacha. Nchi ilivunjika mwaka 1991, na ghafla mlango ambao Coquatrix alikuwa ameugonga ukawa wazi kwa kila mtu: mikataba, bei ya kujipangia, ziara, playback jukwaani, yaani kuchezesha midomo juu ya rekodi. Wenzake wa rika lake waliendelea, wengine wakiwa na miaka 70 na sauti imebaki nusu. Yeye alipunguza, akapunguza, akaacha. Alikuwa akisema kwamba Mungu amekipa kila kipaji muda wake, na hakuna haja ya kuuvuka. Alikaa Moscow, akachora picha, akajibu wapenzi wake kupitia tovuti yake. Kutoka kamisheni ya viwango hadi simu ya Andropov, ratiba yake ilikuwa imepangwa na wengine. Tarehe ya kunyamaza aliipanga yeye.

Alifariki Moscow tarehe 25 Oktoba 2008, moyo, akiwa na miaka 66, akazikwa Baku katika Njia ya Heshima, makaburi ya watu mashuhuri. Kuna sayari ndogo angani yenye namba 4980 na jina lake.

Mtakaomtafuta, angalieni mambo mawili. Jina linaandikwa Magomayev, Magomaev, na kwa Kiazabajani Maqomayev, kwa hiyo jaribuni yote. Na msimchanganye na babu: ukikuta opera, ni ya babu, ukikuta mtu kavaa suti na piano pembeni, ni mjukuu. Anzeni na rekodi za moja kwa moja za miaka ya 1960, za rangi nyeusi na nyeupe, ndipo mje kwenye zile za televisheni zenye mapambo.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma, na kwa kicheko chako nadhani nalijua swali. Hapana, yule bwana mwenye tai anayeimba "trololo" bila maneno, aliyesambaa mtandaoni mwaka 2010, si yeye. Yule ni Eduard Khil, baritoni wa Leningrad. Mtunzi ni Arkady Ostrovsky. Lakini hukukosea sana: Magomayev naye aliuimba huo huo. Tafuta zote mbili, weka moja baada ya nyingine, halafu uje uniambie nani kaifunika vizuri "a" yake. Mwingine?